Jina la Mteja Ambaye Hakurudi

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Keshokutwa anafungua mlango wa duka lake nusu. Nusu nyingine anaiacha imefungwa mpaka saa tatu, na ukimuuliza sababu atakwambia ni vumbi la barabarani. Si vumbi. Kupitia upenyo ule anamwona mteja kabla mteja hajamwona yeye, na kama ni yule aliyeahidiwa sweta tangu wiki iliyopita, anapata nafasi ya kuinama chini ya meza na kujifanya anatafuta sindano.

Leo hakuna mteja. Anawasha taa, anavaa miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi mwekundu, anabana kitambaa kwenye ringi ya mbao na kuanza kukanyaga cherehani. Herufi ya kwanza inatokea, kisha ya pili. Ni jina la mtoto aliyezaliwa juzi katika hospitali ya wazazi iliyoko ng'ambo ya barabara.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na miwili sasa: kudarizi majina. Anayaweka kwenye mablanketi ya watoto wachanga na kwenye sweta za shule. Ana cherehani moja, nyuzi za rangi tisa, na goti la kulia linalouma kila mwezi wa baridi. Siku nzuri humaliza vipande vinne, na kodi ya chumba humla karibu nusu ya anachopata. Jina la Keshokutwa alipewa na wateja wake, na mtu yeyote aliyewahi kumpelekea fundi kitambaa hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwandishi wa makala haya hakumfuata kwa ajili ya hayo yote. Alimfuata kwa ajili ya jina moja.

Jina lenyewe halitachapwa hapa. Watoto wanaolibeba hawana kosa, na wazazi wao wameshasemwa vya kutosha. Inatosha kujua kwamba ni jina la kiume, fupi, tamu mdomoni, na kwamba miaka kumi na miwili iliyopita hakukuwa na mtu hata mmoja mtaani aliyeitwa hivyo. Karani wa uandikishaji wa vizazi alipekua vitabu vyake mbele ya mwandishi, akilamba kidole kila ukurasa. Kabla ya hapo, hakuna. Baada ya hapo, wavulana kumi na sita.

Saba kati yao wanasoma shule moja. Mwalimu wa darasa la tano, ambaye amejaliwa wanne peke yake, anasema akiita mmoja wanaitika wote. "Nimewapa namba kama wafungwa," anasema. "Mungu anisamehe, lakini nifanyeje?"

Mwandishi alianza kwa akina mama. Wa kwanza alisema jina alioteshwa: alimjia mzee mwenye kanzu nyeupe, akalitamka mara tatu, akatoweka. Wa pili alisema ni jina la babu wa babu yake, mtu shujaa, ingawa mama yake mzazi aliyeketi pembeni alionekana kumsikia shujaa huyo kwa mara ya kwanza. Wa tatu alisema ni neno la kigeni lenye maana ya mwenye subira. Alipoulizwa ni lugha gani, akakumbuka ana maziwa jikoni.

Hadithi tatu nzuri kwa jina moja. Mwandishi huyu ana tabia mbaya, nayo ni kwamba hadithi ikiwa nzuri sana huishika kama mtu anavyoshika samaki wa jana: kwanza anainusa. Hizi zilinuka.

Na hakuwa peke yake. Miezi miwili iliyopita, siku ya wazazi, mwalimu mkuu alisimama kusoma waliofaulu vizuri, akaita jina hilo bila kutaja la baba. Wakasimama wavulana saba. Uwanja mzima ukacheka, na pengine mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini mtu mmoja aliwatazama akina mama wa wale watoto, akawaona wote saba wameinamia viatu vyao, hakuna anayemtazama mwenzake.

Mtu huyo ni dereva wa malori ya masafa marefu, baba wa mmoja wa wale saba. Hakucheka. Alisimama nyuma karibu na bomba la maji, akawahesabu watoto kwa sauti mpaka alipofika saba, kisha akaondoka bila kumsubiri mkewe.

Jioni ile alimwuliza mke swali moja, na ameliuliza kila siku tangu hapo: nani alikupa jina hili? Mwisho alimpa muda. Mwezi ukiisha hajasema ukweli, afunge vyake arudi kwao.

Mtaa haukuhitaji kuambiwa mengine. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ikasemwa kwamba kuna mwanamume mwenye jina hilo anayezunguka nyumba za watu waume wakiwa kazini, na anaacha jina kama mtu anavyoacha kofia. Akashukiwa msoma mita za maji, kwa sababu anaingia kila ua na hakuna anayejua anaitwaje. Maskini ya Mungu, siku hizi husomea mita juu ya ukuta, na bili za mtaa mzima zimeharibika.

Mke wa dereva anaishi vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Alimpokea mwandishi mlangoni na hakumkaribisha ndani, akisema maneno yaliyopo yanatosha, hataki mengine ya mwanamume aliyeingia na daftari. Mazungumzo yote yalifanyika wamesimama, jirani akifua shati lile lile kwa muda wa nusu saa.

Naye pia, alikiri, alimwambia mumewe kwamba jina alioteshwa. Ukweli ni mwingine kabisa. Aliruhusiwa hospitali siku ya tatu baada ya kujifungua, mvua ikinyesha, mume yuko safarini, mtoto amefungwa kwenye shuka jepesi. Alivuka barabara kutafuta kitu cha kumfunika. Kwenye dirisha la fundi kulikuwa na blanketi moja zito limetundikwa, limedariziwa jina. Fundi alikataa kuliuza. Alimwomba, akalia, fundi akaliteremsha.

Nyumbani, kila aliyekuja kumpa pole ya uzazi alilisoma blanketi na kumsalimu mtoto kwa jina lililoandikwa. Siku ya kumi, wifi alikuwa amekwisha kumtungia wimbo wa kumbembelezea. Jina likawa limekaa.

"Ningemwambia nini mume wangu?" aliuliza. "Kwamba mwanawe wa kwanza nimemchukulia jina dukani kama sabuni? Nikasema nimeoteshwa. Ndoto haina risiti."

Mwandishi alimwuliza jinsi mume alivyolipokea jina hilo. Alisema siku mume aliporudi safari, aliliona blanketi kitandani, akalishika, akalisoma, akanyamaza siku tatu. Alikula kichwa chini. Yeye alidhani ameudhika kwa kutoulizwa, na kwa kuwa hakusema neno, naye hakusema neno. Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo.

Mwandishi aliandika maelezo hayo na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Mwanamke aliyekiri kudanganya mara moja ana haki ya kuaminiwa mara ya pili, lakini haki hiyo haiji yenyewe. Alitaka kumsikia fundi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Siku ya kwanza Mama Keshokutwa alisema jina lile alilitunga mwenyewe. Siku ya pili alisema alilisoma kwenye boksi la dawa. Mke wa dereva alikuwa amekwisha kumfuata mara mbili akimsihi aje azungumze na mumewe, na mara zote alikana hata kumkumbuka. Mwanamke anayekumbuka rangi ya uzi aliotumia miaka tisa iliyopita, kumbe anasahau nyuso.

Mwandishi, kama ilivyo ada ya watu wa kazi yake, alianza kujenga ya kwake. Alimwuliza kama jina lile ni la mtu aliyempenda. Akamwuliza kama ni la mtoto aliyempoteza.

"Nyinyi wa magazeti mnapenda msiba," alijibu bila kuinua macho. "Sina maiti kabatini. Sogea, unanizibia mwanga."

Siku ya tatu mwandishi hakuuliza kitu. Alimwambia tu alichokiona asubuhi ile nyuma ya mashine ya kusaga: mke wa dereva amekaa sakafuni anafunga sahani zake kwa karatasi, moja moja, na zimebaki siku tisa. Cherehani ikasimama. Mama Keshokutwa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, akaenda kuufunga hata ule mlango nusu.

Blanketi lile, alisema, lilikuwa la mtu. Mteja mwanamume, kijana mwembamba, alikuja, akatoa jina, akalipa yote, akaambiwa keshokutwa. Hakuonekana tena. Baada ya wiki tatu fundi alilitundika dirishani ili mwenyewe akipita alione. Aliyepita ni mama mwenye mtoto kwenye mvua.

Msomaji ambaye si fundi anaweza kujiuliza kosa liko wapi. Liko hapa: kazi ya mtu haiuzwi. "Kuchelewesha, watu wanatuvumilia," alisema. "Uongo, ndiyo salamu yetu. Lakini kuuza kazi ya mtu aliyekwisha kulipa, huo ni wizi, na mafundi wote wa barabara hii wanajua mimi sijawahi."

Kwa hiyo usiku na mchana alikuwa na hofu moja, kwamba yule mteja atarudi. Akadarizi jingine kama lile na kulitundika pale pale, limsubiri. Miezi minne baadaye akaja mama mwingine mwenye haraka. Mtoto mchanga hajui keshokutwa, na blanketi lililo tayari lilikuwa moja tu. Akaliuza, akadarizi jingine la mteja. Likanunuliwa nalo.

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Fundi anamwekea mteja wake blanketi, na watoto wanalivaa pamoja na jina lake. Wachache wa mwisho walikuja wakilitaka lenyewe, kwa kuwa walikwisha kulisikia kwa majirani. Kumi na sita kwa jumla. Aliwakumbuka wote, mmoja mmoja, na mke wa dereva alikuwa wa kwanza.

Akina mama nao hawakujuana. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake aliyenunua jina dukani, na kila mmoja alilishonea hadithi. Ndiyo maana siku ile uwanjani waliinamia viatu. Ilikuwa haya, na kwa mbali haya na hatia hufanana.

Mama Keshokutwa alikubali kusema. Alijua atapoteza wateja, na aliuogopa zaidi mdomo wa mafundi wenzake. Lakini alisema hawezi kumwacha mwanamke atoke kwenye nyumba yake kwa sababu ya ringi na sindano. Mwandishi, kwa moyo wake usioamini, bado aliona kitu kimoja hakijakaa sawa. Mume mwenye wivu huuliza: ni nani huyo mwanamume? Huyu aliuliza kila siku nani alitoa jina.

Jumamosi saa kumi alasiri, wanakuja. Mke anaingia na kukaa kwenye benchi. Dereva, mtu mnene mwenye funguo kiunoni, anabaki kizingitini, bega moja ndani na moja nje, ingawa kiti kipo na amekaribishwa mara mbili. Fundi anamwita baba, anamwomba asikilize mpaka mwisho, na anaanza.

Anaeleza mvua. Anaeleza dirisha. Anaeleza blanketi la pili na la tatu. Mke anamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili uso wake umelegea. Dereva anatazama sakafu.

"Mimi nina kosa, baba," fundi anamalizia. "Lakini na yule mteja naye ana lake. Alilipa akanikimbia. Hakurudi hata mara moja kuulizia kazi yake."

"Nilirudi mara mbili," anasema dereva. "Ulikuwa umefunga."

Kila mtu aliyewahi kugombana na fundi analijua jibu hilo, na huenda ndiyo maana lilimtoka kabla hajalipima. Ni malalamiko ya kawaida ya mteja. Alikuwa ameyabeba miaka kumi na mmoja, na fundi alipomwita mkosaji mbele ya watu, yakatoka yenyewe.

Mke ndiye aliyezungumza, polepole, akiuliza tu: blanketi lilikuwa la nani?

Aliyosema dereva baada ya hapo aliyasema akitazama barabara, na mengi hayastahili kurudiwa neno kwa neno. Kulikuwa na mwanamke mwingine, naye alikuwa mjamzito mwezi ule ule. Dereva alikuwa na hakika ni mtoto wa kiume. Jina alilisikia mara moja tu kwenye foleni ya malori, mtu akiitwa kutoka mbali, na mtu yule akaitika kwa furaha kiasi kwamba naye akatamani mwanawe aitwe hivyo. Asili ya jina ambalo mtaa umelitafutia ndoto, mashujaa na lugha za kigeni ni hiyo tu.

Mara ya tatu alipokuja kuchukua blanketi, alipitia kwanza kwenye lango la hospitali. Nesi aliyekuwa akitoka kazini akampa habari: yule mwanamke amejifungua mtoto wa kike. Hakuvuka barabara kwenda dukani, na hakuingia hospitali. Aligeuka akaenda kupakia mzigo.

Aliporudi kwake na kulikuta blanketi lile lile juu ya kitanda cha mkewe, alijua ameshikwa. Aliamini mtu fulani amelipeleka, na kwamba mke anamjua aliyempa na anamngoja tu aseme. Ndiyo zile siku tatu za kichwa chini. Kwa miaka kumi na mmoja aliogopa kuuliza, mpaka wavulana saba waliposimama uwanjani na kumpa njia ya kuuliza kama mwenye haki. Mtaa ulidhani ni wivu. Alikuwa anatafuta aliyemchongea.

Mwandishi alitarajia kilio, na hakukipata. Mke alisimama, akakunja mtandio wake, akamwambia mumewe kwamba habari ya kufunga vyake imekwisha, hatoki kwenye nyumba ile, na suala la nani analala wapi watalizungumza wenyewe. Kisha akamgeukia fundi na kuagiza sweta ya shule ya mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, idariziwe jina lake kifuani. Mume ndiye atakayeleta kipimo, na mume ndiye atakayeipeleka.

Mwandishi alimwuliza mke kama habari hii ifichwe. Alijibu papo hapo.

"Andika. Mimi nimesemwa miezi miwili. Yeye asomwe siku moja."

Tangu hapo akina mama wengine wamekuwa wakipita dukani mmoja mmoja, wakisema wana haraka lakini wakikaa saa nzima. Wawili wamekwisha kuwaambia waume zao ukweli. Yule wa mzee mwenye kanzu nyeupe ameshikilia ndoto yake, na hakuna aliye na moyo wa kumnyang'anya. Msoma mita ameanza kuingia uani. Wateja wa Mama Keshokutwa hawakupungua kama alivyohofia, ila fundi wa duka la pili humpigia mluzi akipita, na hilo linamuuma kuliko goti.

Jumanne hii, saa moja na dakika chache, mlango ukiwa nusu, anamwona mtu wa funguo kiunoni anavuka barabara. Hainami chini ya meza. Anachukua futi yake ya kupimia na daftari.

Anamwuliza urefu wa mtoto. Dereva anainua mkono hewani, kiganja chini, usawa wa kifua. Anautazama. Anaushusha kidogo, mpaka usawa wa tumbo, kisha anaupandisha tena mpaka begani. Nyumba anakoishi mtoto anaijua, anasema. Hupita hapo na lori mara mbili kwa wiki. Mkono bado uko hewani, hauna pa kukaa.

"Basi kapime," fundi anamwambia, na kumpa futi. "Na jina, tuandike nani?"

Dereva anafungua mdomo. Mtu aliyeusumbua mtaa mzima miezi miwili kwa ajili ya jina la mwana anasimama mbele ya cherehani, na jina la binti yake halijui.

Mama Keshokutwa hamcheki wala hamkaripii. Anaandika kipimo hakipo, jina halipo, anafunga daftari, na kumwambia kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake si fundi anayechelewesha kazi. Uzi ameshauchagua, wa manjano, kwa kuwa unaonekana kutoka mbali. Alipoulizwa na mwandishi ana mpango gani baada ya hapa, alisema mpango wake ni mmoja. Kesho asubuhi atafungua mlango wote, mapema, na atakaa. Akirudi mtu yule na jina, asikute pamefungwa.